Umbo zima au umbo lote?

SWALI: Ninafundisha katika chuo cha ualimu hapa Kisumu, na ninaandaa somo kuhusu jinsi macho yanavyotambua umbo kabla ya vipande vyake. Wenzangu wanasema niandike "umbo nzima". Mimi nimezoea "umbo lote". Lipi sahihi?

JIBU: Mwalimu, "umbo nzima" liache kabisa. Kivumishi -zima hufuata ngeli: siku nzima, mwaka mzima, kitabu kizima. Umbo limo katika LI-YA, kwa hiyo ni umbo zima, na wingi wake maumbo mazima. Najua "mwaka nzima" husikika kila siku kuanzia Kondele hadi Kakamega, lakini wanafunzi wako nao watakuja kuwa walimu, na watakalolikuta ubaoni watalipeleka mbali.

"Umbo lote" halina kosa la sarufi. Tofauti ni ya maana. Nenda Dunga, ufuoni mwa ziwa, uagize samaki mzima: utaletewa mmoja, na kichwa chake na mkia wake. Ukisema "samaki wote", mwenye kibanda ataanza kuhesabu waliomo karaini. Mkate nao ni hivyo hivyo. Mkate mzima haujaguswa na kisu. Lakini mtu anaweza kula mkate wote baada ya kuukata slesi kumi, mradi asibakishe. -zima hukitazama kitu kabla hakijagawanywa, -ote huzipitia sehemu zake mpaka ziishe. Somo lako linahusu kule kutazama kwa kwanza, basi andika umbo zima.

Bila shaka utataja jaribio la mwanasaikolojia David Navon la mwaka 1977. Aliwaonyesha watu herufi iliyopangwa kwa herufi nyingine, mathalani H iliyoundwa kwa S nyingi. Waliitambua H upesi zaidi. Tena walipotakiwa kuitambua S, ile H iliwachelewesha, ilhali S haikuwachelewesha katika kuitambua H. Hapa jihadhari sana. Ukiandika "herufi kubwa iliyoundwa kwa herufi ndogo", mwanafunzi ataona H na s, kwa sababu darasani maneno hayo yana maana yake tayari. Andika "H moja kubwa iliyopangwa kwa S ndogondogo". Huko kurudufu kunaonyesha kwamba ni nyingi na kila moja ni ndogo kwa kimo.

Nalo neno "vipande" ulilotumia lina kasoro: kipande hutoka kwenye kitu kilichokatwa au kuvunjika, na S hizo hazikukatwa popote. "Sehemu" linatosha.

Sentensi yako ya ubaoni iwe: "Aghalabu macho hutambua umbo zima kabla ya sehemu zake." Hilo "aghalabu" usilifute, kwani ile H kubwa ikikuzwa mno hadi ijaze upeo wa macho, zile ndogondogo ndizo hutangulia kutambuliwa.