Alama kwenye paipu ya siti: kwa vijana wapya wa benchi

Baiskeli ikishapanda kwenye stendi tu, mkono wenu wa kwanza unakwenda kwenye klempu ya siti, ile pete inayobana paipu ya siti kwenye fremu. Boliti inalegezwa, paipu inazamishwa yote, kazi inafanyika vizuri kabisa, halafu jioni mteja anaulizwa, "Siti ilikuwa hapa, au juu kidogo?" Atajuaje? Yeye anajua kukaa, milimita hazijui. Atasema "hapo hapo panatosha", atalipa, na keshokutwa atarudi anachechemea huku akilaumu gia. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi siti imeshushwa mno. Likiuma kwa nyuma, au kiuno kikiyumba huku na huku kila anapokanyaga pedali, imepandishwa mno.

Nitakwenda kwa namba, ingawa najua namba zitanitoroka.

1. Alama ya urefu wa siti, mara nyingi tepu kwenye paipu pale inapoingia kwenye klempu, inawekwa kabla ya kugusa boliti. Kabla.

2. Alama bila kipimo ni nusu ya kazi. Shika futi ya chuma, ncha yake ikae katikati ya ekseli ya kranki, yaani mikono ya pedali, ifuate bomba la fremu hadi mgongo wa siti, katikati yake, kisha usome kwa milimita. Andika kwenye kadi ya kazi: 712. Msiandike "sabini na kitu", hiyo kitu ndiyo tunayoitafuta. Tepu ikibanduka, namba inabaki. Tena namba inajua jambo ambalo tepu haliwezi kulijua: siti mbili zinaweza kupishana kwa zaidi ya sentimita moja kutoka kwenye reli zake, vile vyuma viwili vya chini, hadi mgongoni. Ukimfungia mteja siti mpya ukarudisha paipu kwenye alama ya zamani, paipu iko sahihi na mguu uko kombo. Kranki nazo vilevile. Ukitoa ya urefu wa milimita 175 ukaweka ya 170, pedali ikiwa chini kabisa imepanda milimita 5, kwa hiyo siti nayo ipande 5 ili mguu unyooke kama zamani. Hapo alama ya zamani futa, weka mpya.

Najua kuna atakayesema milimita tano si kitu, mteja atazoea. Eddy Merckx wa Ubelgiji, aliyeshinda Tour de France mara tano, alianguka vibaya kwenye uwanja wa mbio wa Blois, Ufaransa, mwaka 1969, na tangu hapo mwili wake haukutulia tena juu ya siti. Akawa anabadilisha urefu kila mara, hata katikati ya mashindano, spana mkononi. Mteja wako si Merckx, lakini naye goti lake anakanyagia maelfu ya mizunguko kwa siku moja ya kwenda kazini na kurudi.

3. Tepu ya umeme ndiyo alama ya kawaida, na mnaifunga vibaya. Futa paipu kwa spiriti kwanza, kwa sababu juu ya griisi haishiki. Zungusha mara moja na nusu, ukingo wa chini uguse mdomo wa juu wa klempu pande zote, na usiivute. Tepu iliyovutwa hurudi yenyewe, mwisho wake unabanduka, na jua la mchana likilainisha gundi inateleza taratibu hadi inakuongopea. Ikate kwa mkasi kabla ya kuifunga. Wembe juu ya paipu hapana, nitasema kwa nini muda si mrefu. Halafu angalia klempu yenyewe: kama ni ile inayotoka, hakikisha imekaa hadi mwisho kwenye mdomo wa fremu, haikupanda upande mmoja. Klempu ikikaa juu kwa milimita 3, siti yote nayo itarudi juu kwa milimita 3, na tepu litaonekana limekaa vizuri tu.

Tepu ni la safari moja: kupakia kwenye basi, kuosha, kazi ya siku mbili. Kwa alama ya kudumu tumia rangi ya kucha, mstari mwembamba juu kidogo ya klempu. Maka peni inafutika siku ya kwanza ikikutana na petroli au spiriti. Ongeza na kamstari ka wima nyuma ya paipu, kalingane na mpasuko wa fremu, ili pua ya siti irudi imenyooka bila kufumba jicho moja. Nyumba yenye baiskeli moja na wapanda wawili, rangi mbili.

4. Msumeno. Jamani, msumeno.

Kuna wanaoona tepu ni utoto, wanachukua kipande cha msumeno au ncha ya tupa na kuchora paipu ili "isifutike". Kweli haifutiki. Tazameni imechorwa wapi: kwenye mdomo wa klempu, mahali ambapo paipu inapinda kuliko pengine popote. Chini yake fremu imeishika, juu yake kuna sentimita ishirini au zaidi za paipu na mtu mzima juu. Kila shimo la barabarani linaisukuma siti nyuma na chini, upande wa mbele wa paipu unavutwa, wa nyuma unabanwa. Sasa wewe umekata upande wa mbele, kwa kuwa ndio unaoonekana vizuri. Ukuta wa paipu ya aluminiamu ukiwa milimita 2, mchoro wa nusu milimita umekula robo yake, na ncha kali ya mchoro inakusanya nguvu yote sehemu moja. Ufa unaanzia hapo. Unatambaa kidogo kidogo kwa wiki au miezi, chini ya vumbi, bila paipu kupinda wala kulia, na siku ikikatika inakatika yote, kipande kinachobaki kikisimama wima kama kisu chini ya mpanda.

Chuma kinavumilia zaidi, ila umetoboa kromu na kutu imepata mlango. Kaboni msiiguse kabisa: mchoro unakata nyuzi zenyewe, halafu klempu inakuja kubana palepale. Ndiyo maana nimekataza wembe. Na paipu iliyokwisha chorwa, msiisugue kwa msasa mkasema imepona. Mweleze mteja, ibadilishwe kwa ya kipenyo kilekile kilichopigwa chapa, 27.2 si 27.

5. Baiskeli za chuma za breki za fito, aina ya Phoenix na wenzake, zina sehemu mbili za kuteleza: paipu ndani ya fremu, na kibano cha siti juu ya paipu. Weka alama zote mbili. Nati za kibano zikilegea pua inainama, mteja anadhani urefu umebadilika.

Alama isipite mstari wa mwisho uliochapwa kwenye paipu, ule unaoonyesha paipu isivutwe nje zaidi ya hapo. Kama mstari haupo, acha angalau sentimita 8 hadi 10 ndani, na mwisho wa paipu ushuke chini ya maungio ya bomba la juu. Reli za siti zipigwe alama pia, maana siti ikisogea nyuma mguu unaona imepanda. Ukimaliza kufunga, pima tena, kisha tena baada ya mzunguko wa kwanza wa majaribio, kwani paipu iliyopakwa griisi huzama milimita mbili tatu ikiwa klempu haikukaza. Ya kaboni haipakwi griisi, ina mafuta yake yenye chembechembe, na ibanwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye klempu, mara nyingi Nm (nyutoni-mita) 5 hivi.

Walioko pwani wana la ziada. Paipu ya aluminiamu ndani ya fremu ya chuma, kwenye hewa ya chumvi, hushikana hadi spana haisaidii tena. Alama nzuri isiwafanye muiache humo mwaka mzima kwa kuogopa kuipoteza: kila baada ya miezi michache toa, futa ndani ya bomba, paka griisi, rudisha kwenye mstari, pima. Masika, mapema zaidi.