Maswali na majibu: "Nikifika Dubai si nitabadilisha viza?"

SWALI

Salamu, Wakili. Mimi ni dada wa miaka 27, naishi Arua, Uganda. Nina diploma ya umeme na nimefanya kazi ya kufunga nyaya majumbani kwa miaka mitatu. Kuna mtu Kampala anayepeleka watu Dubai. Anataka milioni sita kwa viza ya matembezi ya siku 60, tiketi, na mtu wa kunipokea. Anasema nikifika nitatafuta kazi mwenyewe kisha nitabadilisha viza hukohuko, maana kampuni zenye leseni zinachelewesha watu na zinataka wafanyakazi wa ndani tu. Nimeshamlipa milioni moja na nusu, na pasipoti yangu anayo yeye. Naenda peke yangu, sina ndugu huko. Naomba unieleze nibebe fedha kiasi gani zinitoshe mpaka nipate kazi, na vyeti vyangu nivithibitishe wapi.

JIBU

Dada yangu, nianze na vyeti, maana hilo ni jepesi. Diploma inaanzia kwenye bodi iliyoitoa, inapita Wizara ya Elimu, kisha Wizara ya Mambo ya Nje hapo Kampala, halafu ubalozi wa Falme za Kiarabu uliopo Kampala, na mwisho inagongwa muhuri na wizara ya mambo ya nje ya kule. Kila meza ina ada yake. Nenda mwenyewe, usimkabidhi mtu cheti chenyewe akakuzungushie.

Fedha nazo zina majibu mawili. La kwanza ni la uwanja wa ndege. Anayeingia kwa matembezi hutakiwa kuonyesha tiketi ya kurudi, mahali atakapolala, na fedha za kujikimu. Wasafiri wamekuwa wakiulizwa dirhamu 3,000, na zaidi ya hapo kama viza ni ndefu. Dirhamu moja inakaribia shilingi elfu moja yetu, kwa hiyo hesabu unaiweza. Muulize huyo bwana kama hizo zimo ndani ya milioni sita. Jibu la pili, la "mpaka nipate kazi", siwezi kukupa, kwa sababu unachopanga hakina siku ya kuisha. Wapo wanaomaliza siku 60 wakilala kitanda kimoja mtaa wa Deira, kwenye chumba kilichogawanywa kwa mbao, na hata vyumba hivyo manispaa ya Dubai ilianza kuvibomoa mwaka 2025.

Sasa tuje kwenye hiyo "nitabadilisha viza hukohuko". Naisikia ofisini kwangu kila wiki, tena kutoka kwa watu wenye akili timamu na vyeti vizuri kama wewe, na wengi huja kunieleza baada ya kurudishwa.

Kinachoniudhi ni kwamba nusu yake ni kweli, na ndiyo maana inauzika. Mtu aliyeingia Falme za Kiarabu kwa matembezi anaweza kubadilishiwa hadhi akawa mfanyakazi bila kutoka nje ya nchi. Lakini angalia nani anafanya nini. Mwajiri ndiye anayetoa barua rasmi ya kazi, na wewe unaisaini. Mwajiri ndiye anayeomba kibali cha kazi kwenye wizara ya kazi ya kule, ambayo watu wanaijua kwa herufi zake, MOHRE. Kibali kikitoka ndipo hadhi inabadilishwa, unapimwa afya, unapewa kitambulisho cha Emirates na ukaazi. Katika mlolongo wote huo hakuna hatua ambayo mtafuta kazi anaweza kuianzisha mwenyewe, wala broka aliyekaa ghorofani pale Wilson Street, Kampala. Anayekuuzia kubadilisha viza anakuuzia uamuzi wa mwajiri ambaye hajawahi kukuona.

Jiweke na wewe kwenye nafasi ya huyo mwajiri. Mwaka 2024 sheria ilibadilishwa, na faini ya kumfanyisha kazi mtu asiye na kibali sasa ni kuanzia dirhamu 100,000 hadi milioni moja. Kontrakta wa umeme anayeendesha shughuli zake kihalali hawezi kukuanzisha kazi hata siku moja kabla ya kibali kutoka. Anayekwambia "anza kesho, karatasi zitafuata" anajua kwamba kwa viza yako huna pa kumshitakia. Hao ndio wanaowafanyisha watu wiki sita halafu simu zao hazipatikani. Wateja wangu wengi waliofanya kazi kwa viza ya matembezi hawana hata karatasi moja yenye jina la mwajiri. Wana picha za jengo.

Siku 60 zikipita bado upo, faini ni dirhamu 50 kwa kila siku. Mwezi mmoja ni dirhamu 1,500, yaani karibu sawa na hicho ulichomlipa tayari. Hapo mabroka wana jibu lao la kawaida: "usijali, kuna msamaha." Ndiyo, msamaha ulikuwepo, ulianza Septemba 2024 na ukafungwa mwisho wa Desemba mwaka huohuo. Huwezi kupanga maisha kwa kutegemea serikali ya watu itaamka lini na huruma.

Na hiyo milioni sita ni ya nini hasa? Sheria ya kazi ya kule ya mwaka 2021 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Inamkataza pia kushikilia pasipoti yake. Kama kazi ingekuwepo, gharama kubwa zingekuwa za mwajiri. Wewe unaambiwa ulipe kwa sababu mwajiri hayupo.

Nisieleweke kwamba kutafuta kazi ukiwa umeshafika ni haramu kila mahali. Falme za Kiarabu zenyewe zina viza ya mtafuta kazi tangu 2022, isiyohitaji mdhamini. Lakini imewekwa kwa wenye digrii wanaoingia ngazi za juu za ujuzi, au waliohitimu karibuni kwenye vyuo vilivyo katika 500 bora duniani. Diploma yako haiingii hapo, na huyo bwana hajakutajia viza hiyo kwa sababu hawezi kukuuzia. Ujerumani nayo ilianzisha kadi ya fursa Juni 2024. Unaweza kwenda kutafuta kazi kwa mwaka mmoja, na huku unatafuta unaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki. Inahitaji mafunzo ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na serikali ya nchi yako, Kijerumani cha kuanzia au Kiingereza kizuri, pointi za kutosha, na fedha za kujikimu zaidi ya euro 1,000 kwa kila mwezi utakaokaa. Ni ngumu, na fedha hizo si mchezo. Lakini ni njia iliyoandikwa, na fedha zenyewe zinakaa kwenye akaunti yenye jina lako.

Hoja ya kwamba kampuni zenye leseni zinapeleka wafanyakazi wa ndani tu ni uongo. Zinapeleka walinzi, madereva, watu wa hoteli, na mafundi pia, inategemea oda zilizoidhinishwa, yaani maombi ya wafanyakazi kutoka kwa waajiri wa nje. Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii ina mfumo wake wa ajira za nje, EEMIS. Humo unaona kampuni gani ina leseni, na leseni ziangalie siku unayolipa, kwa sababu nyingine huisha au kusimamishwa huku bango likiendelea kuning'inia mlangoni. Halafu usiishie kwenye leseni. Uliza oda ya kazi iliyoidhinishwa na wizara: mwajiri nani, mji gani, nafasi ngapi, mshahara gani. Wapo wenye leseni ambao tabia zao hazina tofauti na za broka, na nimeshawashitaki. Tofauti ni kwamba hao nilijua niwapelekee hati ya mahakama wapi, na ubalozi wetu Abu Dhabi ukipigiwa simu kuna jalada la kufungua. Aliyepita uwanja wa ndege wa Entebbe kama mtalii ameandikwa mtalii.

Wanaoniandikia wakitaka kwenda kyeyo, yaani kazi za nje, huniambia kampuni zinachelewesha. Ndiyo, zinachelewesha. Vipimo vya afya, hati ya tabia njema kutoka Interpol, mafunzo kabla ya kuondoka, mkataba kusomwa na kusainiwa, vyote vinakula muda. Muda huo ndio ulinzi wako. Broka anauza kasi kwa sababu katika yote hayo hana hata kimoja cha kukupa.

Wewe una diploma ya umeme, lakini ukiwa mwanamke peke yako, wiki ya saba, umeishiwa fedha, hutaulizwa diploma. Mtu yuleyule wa kukupokea ndiye atakayekuja na habari njema kwamba umeme hakuna, ila kuna familia inatafuta msichana wa kazi. Wanawake wameondolewa Dubai kwa njia hiyo wakavushwa hadi Oman, wakakabidhiwa kwa watu waliolipa kwa ajili yao, na wakitaka kuondoka wanadaiwa kile kilicholipwa. Usafirishaji haramu wa watu siku hizi hauanzi na kamba. Unaanza na tiketi halali na deni.

Sheria yetu ya kuzuia usafirishaji haramu wa watu, ya mwaka 2009, inasema wazi kwamba ridhaa ya aliyesafirishwa haimwokoi msafirishaji. Adhabu inafika miaka 15 jela, na zaidi ikiwa kosa limekuwa na uzito wa ziada. Nawaambia wasomaji hili kwa sababu wengi hunyamaza wakidhani kwa kuwa walipanda ndege kwa miguu yao na kutabasamu kwenye picha, kesi hawana. Wanayo.

Na Dubai siku hizi mara nyingi ni kituo tu. Vijana wetu wanaojua Kiingereza na kompyuta wanaahidiwa kazi za ofisini Thailand, wanapokelewa Bangkok, wanaendeshwa hadi mji wa mpakani wa Mae Sot na kuvushwa mto usiku kuingia Myanmar, kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni. Mapema mwaka 2025 maelfu ya watu walitolewa kwenye makambi hayo, wakiwemo raia wa Uganda, Kenya na Ethiopia. Wengi wao walikuwa wasomi. Walikuwa wameahidiwa na mtu anayejulikana mtaani, mwenye picha za wenzao waliofika. Picha ya mtu amesimama mbele ya Burj Khalifa haikuonyeshi viza yake inasemaje, wala jana usiku alilala wapi.

Basi nikutajie na njia nyingine wanayoipenda. Akikwambia usipitie Entebbe, upande basi uvuke Malaba kwa kitambulisho cha taifa, pasipoti utapewa Nairobi, hapo hakuna mazungumzo tena. Anakuvusha mpaka mwingine kwa sababu Entebbe anaogopa maswali ya afisa wa uhamiaji. Vivyo hivyo kwa anayejisifu kwamba "ana mtu wake" uwanjani. Safari halali haihitaji kuwa na mtu wako uwanjani. Na kama umeuza kibanja cha familia au boda ya kaka yako kulipia safari ya aina hiyo, ndio hao watu wako watakaoombwa fedha za kukurudisha.

Kwa hiyo, dada, usimalizie milioni sita. Pasipoti ndiyo ya kuanza nayo, kabla ya fedha. Usimtangazie kwamba umeghairi safari, mwambie unaihitaji kwa ajili ya kuthibitisha vyeti, jambo ambalo si uongo. Nenda Kampala na mtu mzima wa kwenu, mchana, ofisini kwake, usikubali kukutana naye gesti wala stendi. Pasipoti ni mali ya serikali ya Uganda; akikataa kuitoa, nenda polisi siku hiyohiyo, na ofisi inayoratibu vita dhidi ya usafirishaji haramu wa watu iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Kusajili watu kwa kazi za nje bila leseni ni kosa lenyewe, hata kama hajakupeleka popote.

Ukishaipata, mwandikie barua ya kudai milioni yako moja na nusu, mpe siku za kulipa, ubaki na nakala aliyoisaini. Kama hataki kusaini, mtumie kwa WhatsApp na usifute chochote mlichowahi kuandikiana, hata salamu. Na kama ulimlipa kwa simu, nenda kesho kwenye duka la mtandao wako hapo Arua wakuchapie taarifa ya miamala yenye namba yake na jina lililosajiliwa, kabla hajabadilisha laini.