Fundi Tujibu: msumeno wa betri ulioruka, betri inayoisha mapema na bledi kwenye grenda

SWALI: Shikamoo fundi. Nina msumeno wa duara wa betri miezi minne sasa, napiga kenchi na vitanda huku Mbagala. Juzi nakata mbili kwa nne, nimeiweka juu ya tofali mbili, moja kila ncha, nafika katikati mashine ikaruka ikanirudia, ikapita pembeni ya paja ikachana suruali. Lile kava la chini nilikuwa nimelifunga kwa waya likae juu muda wote maana linakwama linanichelewesha. Sasa mashine ndo mbovu au mi nakosea? (Fundi kijana, Mbagala)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kachomoe betri, kata huo waya, halafu rudi.

Umerudi? Haya. Mashine haina kosa, kosa ni zile tofali. Mbao ukiishikilia kwenye ncha zote mbili ukakata katikati, kadiri bledi inavyoingia mbao inaishiwa nguvu, inabonyea, na ule mkato kwa juu unajifunga kama mdomo. Bledi iko humo humo inazunguka, inabanwa, na kwa vile meno ya mbele yanakata yakipanda juu, ikishindwa kwenda mbele inajitoa yenyewe, inapanda na kukufuata wewe uliyeko nyuma yake, na inakuja haraka kuliko mkono wako unavyoweza kuzuia. Kwa hiyo tofali zote mbili ziweke upande mmoja, ule wa mbao inayobaki, ibane kwa klempu, kipande kinachoondoka kibaki hewani kidondoke chenyewe. Kama hicho kipande nacho ni kirefu kizito, laza mbao yote chini juu ya vipande vinne vya mbao chakavu, viwili kila upande wa mstari, isibonyee popote.

We mwenyewe simama pembeni kidogo, mwili usiwe kwenye mstari wa bledi, mikono miwili kwenye mashine. Bledi ishushe kiasi kwamba meno yatokeze chini ya mbao milimita 3 mpaka 6 hivi, basi, wengi wanaishusha yote. Ukisikia inaanza kubana, mlio unakuwa mzito, achia swichi, tulia hapo hapo mpaka isimame kabisa ndo uitoe. Usiirudishe nyuma inazunguka.

Sasa hilo kava, na hapa naomba unisikilize kwelikweli, maana nimeona mapaja yaliyoshonwa. Lile ndilo linaloifunika bledi ukimaliza kukata, wakati mashine bado inazunguka na we unaishusha pembeni ya mguu. Lina springi, na linachokwamisha karibu siku zote ni vumbi lililoshikana na utomvu wa mbao. Betri ikiwa nje, lisugue kwa mswaki wa zamani, kwa ndani pia pale linapozungukia, futa, usipake grisi maana grisi inakamata vumbi upya. Halafu livute juu uliachie: linatakiwa lirudi lenyewe pa! mpaka mwisho. Likirudi kivivu ujue springi imechoka au kava limepinda, peleka likatengenezwe kabla hujakata hata kipande kimoja. Jaribio hilo nalifanya kila asubuhi, ni sekunde tano tu.

Na bledi yenyewe uiangalie. Kama unatumia mbao zilizotoka kwenye boksi la zege, zina misumari na saruji, jino likigonga msumari linakatika, bledi butu inachoma mbao, inabana, inakula betri. Toa misumari yote kwanza, zege likwangue. Ukifunga bledi mpya ufuate ule mshale uliochorwa kwenye kava, meno 24 kwa kenchi, meno 40 kwa plaiwudi, na plaiwudi upande mzuri ulale chini.

SWALI: Habari fundi. Betri ya msumeno wangu inaisha haraka, na nikiiweka kwenye chaja taa inawaka tu haichaji mpaka baadaye. Karakana yangu ni ya mabati. Pia jirani anasema ya volti 20 ina nguvu kuliko yangu ya 18, ni kweli? (Seremala, Kilifi)

JIBU: Nzuri ndugu. Betri ikitoka kazini ina joto, na chaja nyingi zinaikataa mpaka ipoe, hapo chaja inakulinda, usiipige. Iweke kivulini nusu saa ndo uchaji, na usiiache chini ya bati mchana wala kwenye gari juani, joto ndo linaua hizi betri za litiamu. Usiibebe pia kwenye mfuko mmoja na misumari, misumari ikigusanisha zile shaba za betri inaweza kuwaka moto. Kuhusu jirani, zote ndani zina seli tano, yaani vibetri vidogo, kwa mstari: zikijaa kila moja ni volti 4 hivi, unapata 20, zikiwa kazini wanahesabu 3.6, unapata 18. Ni kitu kilekile. Na kwa vile bledi butu inakula betri, kabla hujanunua betri nyingine badilisha bledi uone.

SWALI: Naweza kufunga bledi ya mbao kwenye grenda? Msumeno ni ghali. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hapana ndugu yangu, nakuomba. Grenda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, misumeno mingi ya betri iko kwenye 5,000 au chini, na grenda haina kitako cha kulala juu ya mbao wala kava linalojifunga. Ikibana inaruka usoni au inakata mkono ulioishika. Kama umeshaifunga itoe leo. Hela ya msumeno mpaka itimie tumia msumeno wa mkono, na toleo lijalo nitaeleza namna ya kuunoa ukate vizuri.