Jibu: Kutoa data kwenye grafu ya zamani ya Ziwa Viktoria, mihimili inapangwaje?

Ndugu, usibofye kitu kwanza. Unasema umeskani grafu ya usawa wa maji ya kipimo cha Jinja, Uganda, kutoka ripoti ya zamani, na kwenye WebPlotDigitizer (programu ya kutoa namba kwenye picha ya grafu) utabofya kona ya chini kushoto, kisha kijistari kinachofuata, kwa kuwa "ndivyo vinavyoonekana vizuri". Halafu unataka kulinganisha kilele cha 1964 na cha 2020. Ukienda hivyo umekwisha. Hayo mengine uliyouliza, ya Excel na ubora wa skani, baadaye.

Vitone vya kalibrasheni, yaani vile unavyobofya kuiambia programu namba za mhimili, vinakaa mbalimbali kadiri mhimili unavyoruhusu, juu ya vijistari vyenye namba zilizochapwa. Na kabla hujatoa data yoyote, unajaribu kijistari cha tatu ambacho hukukitumia. Kisiposoma namba yake, unarudi mwanzo.

Piga hesabu. Tuseme mhimili wa wima unatoka mita 10 hadi 14 na umechukua pikseli 800, yaani kila mita ni pikseli 200. Ukibofya 10 na 10.5, umeshika pikseli 100 tu. Wino wa zamani umetanuka, kukosea pikseli 2 ni jambo la kawaida kabisa, na hapo skeli yako imeshapotoka kwa asilimia 2. Ukipanda hadi 13.4, kosa limefika karibu sentimita 7. Sasa angalia rekodi zenyewe: 1964 ziwa lilifika mita 13.41, Mei 2020 likafika 13.42. Tofauti ni sentimita moja! Ukibofya 10 na 14, kosa lilelile la pikseli 2 halifiki sentimita moja. Na hata hapo, bingwa kati ya 1964 na 2020 usimtafute kwenye karatasi, chukua vipimo rasmi.

Lakini kilichonimaliza mimi ni kile kisanduku cha kuruka marekebisho ya mzunguko, kinachoiambia programu kwamba picha imenyooka na haina haja ya kusahihisha kupinda. Niliyemtegemea, mtu mwenye cheo na heshima zake, aliniambia nitie tiki ili kuokoa muda, eti skana haipindi. Skana haipindi, karatasi ndiyo inayopinda! Ripoti nene iliyojalidiwa, ukiibana kwenye kioo cha skana, ukurasa haulali sawa hata siku moja. Digrii moja tu ya kupinda, kwenye picha yenye upana wa pikseli 1,000, inakupa pikseli 17 kati ya ncha na ncha. Kwa skeli ile ya juu ni karibu sentimita 9 za maji ambayo hayakunyesha popote.

Ziwa langu likawa linapanda taratibu mwaka hadi mwaka, tangu mwanzo wa karne, kabla hata ya mvua kubwa za 1961 zilizolipandisha zaidi ya mita 2. Nikaandika sehemu nzima ya tasnifu yangu kuueleza mpando huo, mvua, mito, bwawa la Owen Falls la 1954, kila kitu. Mtahini hakubishana na maelezo. Alichukua rula, akailaza kwenye mstari wa gridi wa mita 11 katika kiambatisho changu, akaniuliza kwa nini na mstari wenyewe unapanda. Sura nzima ikarudiwa, na ada ya muhula mwingine ikalipwa kutoka mfuko wa mzee wangu. Mshauri yule siku hiyo hakuwepo. Hadi leo anawafundisha vijana kutia tiki ileile, na hilo linaniuma kuliko ada.

Kwa hiyo, ssebo (bwana), kisanduku hicho kiache wazi. Tumia kidirisha cha kukuza picha, ukishabofya sogeza kitone kwa vishale vya kibodi mpaka kikae katikati ya wino. Kisha bofya mstari wa mita 11 upande wa kushoto kabisa, bofya tena kulia kabisa, bofya na katikati. Pote pasome 11. Ncha zikikubaliana na katikati ikakataa, ukurasa umejikunja karibu na mshono wa kitabu, na hakuna kalibrasheni moja itakayoutibu. Kata picha vipande, kila kipande na mihimili yake.

Jaribio hilo linakamata hata skeli ya logi, ambayo kila hatua inazidisha namba badala ya kuijumlisha. Ukiwa na grafu ya mtiririko wa Nile yenye 10, 100 na 1,000 zilizoachana sawasawa, ukasahau kuchagua logi na ukabofya 10 na 1,000, kile kijistari cha 100 kitakusomea 505. Hutahitaji mtahini kukuambia.

Mwisho kabisa ndipo utoe kilele cha 1964 na uone kama kinaangukia karibu na 13.41. Weka hapa picha ya mihimili yako ikiwa na vitone vinne ulivyobofya, viwili kwa kila mhimili, na usomaji wa mstari wa 11 kushoto na kulia. Nitaitazama leo usiku umeme ukiwepo.