Kuielewa Iran: usianzie Hormuz

Ndugu yangu, umeuliza uanzie wapi kuielewa Iran, maana mafuta yakipanda bei hapa Dar inatajwa Iran pamoja na Mlango wa Hormuz, njia ya bahari ya meli za mafuta.

Hormuz baadaye. Anza na 1953: waziri mkuu Mosaddegh, aliyetaifisha mafuta 1951, alipinduliwa kwa mkono wa Marekani na Uingereza. Wairani hawajasahau, na wana haki.

Ushia ulifanywa dini ya dola na Shah Ismail, mfalme wa Iran, 1501. Kabla ya hapo wengi walikuwa Sunni. Muharram ikiingia, nenda mjini ukatazame Khoja Ithnaasheri wetu, Washia wa hapa Dar: nguo nyeusi, vifua vinapigwa, Imamu Husein, mjukuu wa Mtume, aliyeuawa Karbala, Iraq, 680 analiliwa kama msiba wa jana. Siasa nyingi za Wairani zimebeba kilio hicho.

Nowruz, mwaka mpya wao, ni ya kale kuliko Uislamu. Na tafadhali, usiwaite Wairani Waarabu!