Anza na Tomcat tupu, mdogo wangu

Juzi usiku nimepokea ujumbe wa kijana mmoja wa Nachingwea anayehangaika na Tomcat, ile seva ya Java yenye nembo ya paka, yaani programu inayopokea maombi ya kivinjari na kuyajibu kwa kurasa. Ameandika: "Shikamoo dada. Nimefuata video mpaka mwisho, Tomcat inawaka, yule paka namuona, lakini nikifungua ukurasa wangu naletewa 404. Leo siku ya nne. Nimefuta na kuweka upya mara sita. Nisaidie dada, bando linaisha."

Nilikuwa nimeshalala hapa Chuno, Mtwara, nikaamka nikakaa. Hiyo 404, yaani seva kukwambia ukurasa unaoutaka haupo, naijua. Imenitesa wiki mbili nzima, tena wakati ambao nilikuwa nimetoka kuumbuka mbele za watu. Nimemjibu usiku uleule kwa swali moja, lakini nimeona niliandike jambo hili kwa kirefu, maana najua mko wengi, Masasi, Ruangwa, Lindi mjini, mnaotaka kuandika mifumo ya Java ya kuwafaa watu wa kwenu, na mnakwama mlangoni kabla hamjaingia ndani.

Kwanza huko kuumbuka.

Mjomba wangu ni mjumbe wa bodi ya chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho, ndani ndani huko Tandahimba. Hali ya ghala msimu ukifunguliwa mnaijua: foleni ya baiskeli na pikipiki, magunia yamepangwa mpaka barabarani, mzani mmoja, karani mmoja na daftari lake. Zile kilo anazoandikiwa mkulima ndizo atakazolipwa baada ya mnada. Karani akigeuza tarakimu mbili, 86 ikawa 68, basi kuna nyumba ada ya mtoto imepungua. Mjomba akaniambia, "Mpwa wangu, wewe si umesomea kompyuta? Tutengenezee kitu."

Nilikitengeneza miezi mitatu. Mfumo ulikuwa mzuri, nasema bila kuona haya. Unaingiza namba ya mkulima, daraja la korosho na uzito, unapata risiti. Kosa halikuwa kwenye mfumo. Lilikuwa kwenye seva niliyoukalisha juu yake.

Chuoni tulifundishiwa ile seva ya Java iliyokamilika, yenye kila kitu ndani: EJB (vijenzi vya Java vya kubebea kazi za mifumo mikubwa), foleni za ujumbe, usimamizi wa miamala, ukurasa wake mkubwa wa utawala. Kwenye kompyuta za maabara iliwaka bila shida. Mimi laptopu yangu ilikuwa na RAM ya GB 2 na betri iliyochoka, na katika hayo yote mfumo wangu ulihitaji kurasa za wavuti na hifadhidata, basi. Sikujiuliza. Nilibeba nilichofundishwa kama kilivyo nikaenda nacho Tandahimba.

Siku yenyewe umeme ulikatika tangu asubuhi. Wajumbe wa bodi wamekaa kwenye benchi chini ya mwembe, mimi nimeweka laptopu juu ya gunia, nikaiwasha seva. Dakika ya kwanza. Ya pili. Mjomba akawaambia wenzake, "Inajipanga." Ya tatu, feni inavuma, laptopu imepata moto mpaka gunia linanuka. Ukurasa wa kuingilia ukatokea, nikaandika jina, nikabonyeza, na kioo kikawa cheusi. Betri imekata.

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Mwenyekiti alivuta kaunta buku lake, akaweka rula chini ya mstari, akamwambia karani, "Tuendelee. Anafuata nani?" Rula ya mbao, imeingia wino wa bluu kwenye ukingo. Naiona mpaka leo nikifumba macho. Msimu uliofuata kazi akapewa mtu kutoka Dar es Salaam, na mjomba akaambiwa kwamba mabinti wa hapa bado. Hilo "bado" sijalisahau na sitaki kulisahau.

Miezi iliyofuata siisimulii. Nilikuja kuambiwa na rafiki kwamba kuna seva ndogo, Tomcat. Imeanzia mikononi mwa James Duncan Davidson pale Sun Microsystems, ikakabidhiwa kwa taasisi ya Apache mwaka 1999, na mpaka leo ni ya bure. Kifurushi chake hakifiki hata MB 20, yaani bando la siku linatosha na chenji inabaki. Inabeba sevleti (darasa la Java linalojibu maombi ya kivinjari) na JSP (ukurasa wa HTML wenye Java ndani yake) na vitu vichache vya jirani, hivyo vingine vikubwa haina. Niliiweka kwenye laptopu ileile iliyoniaibisha. Ikawaka kabla sijatoa kidole kwenye kitufe vizuri. Nililia, na sioni aibu kulisema.

Halafu ndipo 404 ikaanza.

Sevleti yangu niliinakili kutoka kwenye video, herufi kwa herufi. Tomcat inawaka, ukurasa wake wa kwanza unafunguka, wangu haufunguki. Na kinachotesa ni kwamba kwenye logi, yale maandishi ambamo seva inaandika mambo yake, hakuna kosa lolote. Mstari mwekundu hakuna. Nilibadilisha jina la folda, nikabadilisha poti (namba ya mlango ambao seva inasikilizia), nikafuta Java nikaweka upya, hayahaya anayoyafanya kijana wa Nachingwea. Siku ya 14 nikasimamisha video mahali ambapo mwalimu anawasha seva, nikakisogelea kioo. Kwenye dirisha lake jeusi imeandikwa Tomcat 9. Yangu ilikuwa 10.

Hapo ndipo siri ilipo. Java ya upande wa seva ilikuwa chini ya kampuni ya Oracle kwa jina la Java EE. Mwaka 2017 Oracle ikaamua kuikabidhi kwa taasisi ya Eclipse Foundation, ila jina la javax, lile linaloanza majina ya vifurushi vyake vya msimbo, halikuruhusiwa kuendelezwa huko. Kwa hiyo mwaka 2020, kwenye Jakarta EE 9 (Jakarta EE ndilo jina jipya la Java EE), kila kilichokuwa kinaanza na javax.servlet kikawa jakarta.servlet. Tomcat 9 inajua javax. Tomcat 10 na kuendelea inajua jakarta. Ukiandika sevleti yako kwa @WebServlet ya javax (ile alama ya juu ya darasa inayotaja anwani yake) ukaipeleka kwenye Tomcat 10, seva haikugombezi, inaipita tu kama haipo, na wewe unaambulia 404. Ungekuwa umeiandikisha kwenye web.xml, faili la maelezo ya programu yako, walau ingelalamika kwamba darasa halipatikani, ukapata pa kushika. Video nyingi na vitabu vingi vya Java ni vya kabla ya mabadiliko haya, ndiyo maana mnaumia mmoja mmoja vyumbani mwenu mkidhani hamna akili. Akili mnazo.

Dawa ni kuchagua upande mmoja. Kama unafuata somo la javax, pakua Tomcat 9, inatosheka na Java 8. Kama unaanza leo na hufuati somo la zamani, chukua 10.1 na Java 11 au zaidi, uandike jakarta kila mahali. Na kama umeshakuwa na faili la WAR (programu nzima ya wavuti iliyofungwa pamoja) la zamani, kwenye Tomcat 10 tengeneza folda iitwayo webapps-javaee pembeni ya webapps, uliweke humo, seva italibadilisha yenyewe na kulihamishia webapps.

Sasa nasema na ninyi mnaoanza kabisa. Msianze na programu kubwa ya kuandikia msimbo inayowawashia seva kwa kitufe cha kijani. Fungua kifurushi kwa mkono wako. Ukikifungua cha zip kwenye Linux, zile amri za kwenye folda ya bin zitakataa kuendeshwa mpaka uzipe ruhusa kwa chmod +x. Hakikisha JAVA_HOME inaelekea kwenye Java yako. Kisha usitumie startup.sh, tumia catalina.sh run, kwa sababu hiyo inamwaga kila kitu mbele ya macho yako, huhitaji kwenda kutafuta logi. Ukiona mstari wa "Server startup in" ujue imesimama. Ikilalamika kwamba poti inatumika, kuna programu nyingine imekalia 8080, na namba hiyo utaibadilisha kwenye conf/server.xml.

Hapo usiandike Java bado. Ingia webapps, tengeneza folda, iite salamu, weka humo index.html yenye neno moja, fungua localhost:8080/salamu kwenye kivinjari. Neno likitokea, umeshajua seva inakusikia. Ndipo uweke JSP moja, ndipo sevleti moja. Ukipata 404 baada ya hapo unajua ni hatua ipi imeileta. Wenzetu wengi wanaruka hizi hatua kwa kuziona za kitoto, halafu wanakuja kuomba msaada wakiwa na faili 40 na hawajui lipi lina ugonjwa. Msiruke hatua. Nawaambia kwa sababu niliruka.

Wapo watakaowaambia nendeni moja kwa moja Spring Boot, kile kiunzi cha kujengea mifumo ya Java, Tomcat imo ndani. Ni kweli imo, na mtafika huko. Lakini Spring Boot 2.1 ilikuja na Tomcat 9, ya 3 imekuja na 10.1, na ugomvi wa javax na jakarta utakukuta hukohuko ukiwa hujui hata seva yako iko wapi.

Kuhusu kumbukumbu: tengeneza faili bin/setenv.sh, halipo, unaliunda mwenyewe, andika humo CATALINA_OPTS="-Xms128m -Xmx256m", yaani rundo la kumbukumbu la Java lianze na MB 128 na lisizidi 256. Na kabla hujaiweka seva kwenye intaneti, futa folda za examples, docs na manager kwenye webapps. Hiyo manager, ukurasa wa kupandishia na kusimamia programu, ikifunguliwa kwa watu wa nje na nywila nyepesi, mtu yeyote anakupandishia programu yake usiku umelala.

Msimu uliopita mfumo wangu ulipima korosho katika chama kingine, upande wa Masasi, kwenye kompyuta kuukuu ya mezani yenye GB 4. Siku ya pili umeme ulikatika na kurudi. Kompyuta ilivyomaliza kuwaka, Tomcat ilikuwa tayari kabla mzee mmoja hajashusha gunia lake mzanini, na kilo zake za mwanzo zipo palepale. Mjomba alikuwa amesafiri kuja kuona kwa macho yake. Hakusema kitu, aliomba ile risiti aishike.

Kijana wa Nachingwea hajanijibu mpaka sasa. Mdogo wangu, ukipata bando, picha ya 404 usinitumie tena. Endesha bin/version.sh unitumie mstari wenye namba ya seva, na pamoja nao mistari ya import iliyo juu kabisa ya sevleti yako, ndimo tutakamoona kama ni javax au jakarta.