Maswali ya Wasomaji: Nani Aidhinishe Ajenda Mpya Mkutanoni?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya. Kijiji chetu kina eneo la malisho ambalo sote tumelitumia tangu enzi za wazee wetu, na sasa tunasikia kwamba sehemu yake imekwisha kuahidiwa kwa mtu anayetaka kupanda parachichi. Katika mikutano miwili mfululizo nimesimama kuomba jambo hilo lijadiliwe, na mara zote mwenyekiti amenijibu kwamba hoja yangu haijaidhinishwa na halmashauri ya kijiji, kwa hiyo nikae chini. Je, ana haki ya kunizuia?
Msomaji, Rungwe

JIBU: Ndugu msomaji, mwenyekiti wako anayo haki ya kuratibu ajenda, ila katika jambo ulilolitaja ameitumia haki hiyo mahali pasipo pake.

Tuanze na haki aliyo nayo, kwa sababu ipo na ina maana. Mkutano mkuu wa kijiji unawakusanya wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, nao kwa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kama kila aliyehudhuria angesimama na hoja yake bila utaratibu, watu wangetawanyika kabla taarifa ya mapato na matumizi haijasomwa. Ndiyo maana halmashauri ya kijiji hukutana kwanza, ikapokea hoja, ikazichambua na kuzipanga. Ugomvi wa mpaka kati ya majirani wawili unapelekwa kwenye baraza la ardhi la kijiji, ambako wamo wajumbe saba na watatu kati yao ni lazima wawe wanawake. Kuusikiliza mbele ya umati ni kuwachochea ndugu kugombana. Tuhuma za uchawi nazo hazistahili kabisa kupewa nafasi mkutanoni, kwa kuwa watu wamepoteza maisha kwa maneno ya namna hiyo, na mwenyekiti anayezizuia anastahili kuungwa mkono na kijiji kizima.

Suala la malisho ni jambo jingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaitaka halmashauri ya kijiji isigawe ardhi kabla ya kupata kibali cha mkutano mkuu wa kijiji, na inaiagiza itoe taarifa ya usimamizi wa ardhi katika kila mkutano wa kawaida na kuyazingatia maoni ya wananchi. Sheria hiyohiyo inaitambua ardhi ya matumizi ya pamoja, yakiwemo malisho, kuwa fungu lake peke yake, tofauti na ardhi ya mtu mmoja mmoja au ya familia. Kwa hiyo hoja yako wala haikuwa mpya: taarifa ya ardhi ilipaswa kuwemo kwenye ajenda hata kama wewe usingefika siku ile. Halmashauri haiwezi kujipa mamlaka ya kuidhinisha au kukataa mjadala ambao sheria imekwisha kuuamuru, hasa pale inapokuwa yenyewe ndiyo inayotakiwa kujieleza.

Nakushauri sasa uache kutegemea kusimama tu. Andika barua fupi kwa mtendaji wa kijiji, ambaye ndiye katibu, ukiomba taarifa ya ardhi iwekwe kwenye ajenda ya mkutano ujao. Taja eneo lenyewe, taja sheria, na ikiwezekana saini pamoja na wenzako kutoka vitongoji mbalimbali, ili isionekane kuwa ni kinyongo cha mtu mmoja. Ipeleke mapema, kabla tangazo la mkutano halijabandikwa kwenye ubao wa ofisi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Neno lililosemwa mkutanoni hukanushwa kwa urahisi, lakini nakala yenye muhuri na tarehe haina wa kuikana.

Siku ya mkutano, wakati wako ni pale mwenyekiti anapowaomba wajumbe wathibitishe ajenda. Wengi huiacha nafasi hiyo ipite, wakasubiri "mengineyo", nayo mengineyo hufika wakati wingu limekwisha kutanda juu ya Tukuyu, akina mama wamekwisha kufunga watoto mgongoni na nusu ya watu wako njiani. Nyoosha mkono mapema, omba kwa heshima kwamba taarifa ya ardhi iongezwe, na waombe wananchi waamue. Mwenyekiti akikataa, usibishane naye. Omba tu kwamba ombi lako na sababu ya kulikataa viandikwe kwenye muhtasari. Jambo lililoandikwa hurudi katika mkutano unaofuata chini ya "yatokanayo", na hapo halihitaji tena idhini ya mtu yeyote.

Kuna jambo moja ambalo nakuomba ulitilie mkazo kuliko yote. Orodha ya mahudhurio mnayoitia saini mlangoni huambatishwa kwenye muhtasari, na muhtasari huo ndio unaopelekwa wilayani kuonyesha kwamba kijiji kimeridhia ardhi itolewe. Mtu anaweza kusaini kwa nia ya kuonyesha kwamba alifika, kumbe jina lake limekwisha kuhesabiwa miongoni mwa waliokubali. Kwa hiyo hakikisheni kwamba karatasi ya mahudhurio ina kichwa, tarehe na ajenda za mkutano kabla hamjaandika majina, na dai muhtasari usomwe wote, neno kwa neno, katika mkutano unaofuata kabla haujathibitishwa.

Ikiwa barua yako haitajibiwa, peleka nakala kwa mtendaji wa kata na kwa diwani, kisha kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Msichelewe, kwa maana miche ya parachichi ikishapandwa, mazungumzo huwa magumu mara kumi.

SWALI: Katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Njombe, katibu anataka kila hoja mpya imfikie siku saba kabla ya kikao. Je, si kutuziba midomo?
Mwanakikundi, Njombe

JIBU: Ndugu mwanakikundi, muda wa siku saba si mbaya, mradi umo kwenye katiba ya kikundi chenu na unamhusu kila mtu, katibu mwenyewe akiwemo. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi kama chenu vinatakiwa kusajiliwa, na katiba ni miongoni mwa nyaraka zake, kwa hiyo ombeni nakala muisome. Kama sharti hilo halimo, basi ni utaratibu wa katibu tu na kikao kinaweza kuubadilisha. Hata likiwemo, haliwezi kumzuia mwanachama kuuliza salio la sanduku au mkopo ambao haujarejeshwa, kwa kuwa hesabu husomwa katika kila kikao na swali juu ya hesabu halihitaji kusubiri siku saba.